Etangi mbili, dembo moja: historia ya maji madogo ya kwetu

Leo tuongee juu ya maji madogo. Si Lualaba, si Moero, si Tanganyika. Naongea juu ya viziba, dembo na etangi za samaki, yale maji ambayo mtu anayazunguka kwa miguu kabla bukari haijapoa. Historia yake haifundishwi, na mimi nilimaliza lisanse ya agronomia Lubumbashi bila kuisikia ikielezwa toka mwanzo mpaka mwisho. Nimeikusanya vipande vipande.

Aliyenisukuma ni shefu wa muji mmoja upande wa Mitwaba, ambako nafanya kazi. Katika dembo yao kuna etangi mbili za zamani, zimeachana kama hatua thelathini. Moja maji yake ni kijani nzito. Nyingine unaona mpaka chini, hata majani yaliyooza unayahesabu. Vijana wanataka kufufua zote mbili kwa samaki. Bamama wanataka moja ibaki ya kuchota. Shefu akaniuliza: "We injinia, mayi inatoka mutoni moya, udongo ni moya. Sasa juu ya nini hii iko hivi na ile iko vingine? Na tutakunywa gani?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa kwenye mtihani. Na si la Mitwaba peke yake.

Kule Ulaya ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini, barafu nene ilifunika nchi nzima. Ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, vipande vikubwa vya barafu vilibaki vimefukiwa ndani ya udongo. Navyo vilipoyeyuka vikaacha mashimo, mashimo yakajaa maji, na leo wakulima wa ngano na mahindi wanapitisha trakta zao pembeni ya maelfu ya viziba vya namna ile. Marekani, katika jimbo la North Dakota, kuna mahali panaitwa Cottonwood Lake ambapo wataalamu wamevifuata kwa miaka mingi. Waliona kiziba kimoja kina maji matamu, na jirani yake, kwenye mteremko uleule, kina chumvi. Sababu iko chini ya ardhi. Kiziba cha juu kinapokea mvua na kuisukuma chini polepole, hakibaki na kitu. Kile cha chini kinapokea maji yaliyokwisha kutembea ndani ya udongo, yamebeba madini njiani, kisha jua linakausha maji na kuacha madini. Njo maana macho yanakudanganya: ukitazama juu unaona majirani, ukitazama chini unaona mmoja anatoa na mwingine anapokea.

Sisi hatuna barafu ya namna hiyo kwenye mashamba. Barafu yetu Wakongomani iko Rwenzori, ndani ya Parki ya Virunga, na huko kweli kuna viziwa vilivyochimbwa na barafu. Wazungu waliviita kwa Kifaransa Lac Noir, Lac Vert, Lac Gris, yaani Ziwa Jeusi, la Kijani, la Kijivu. Angalieni: mlima mmoja, barafu moja, na bado waliona lazima kila kimoja kipewe jina la rangi yake. Lakini pale hakuna mtu anayelima. Baridi inakukatalia.

Mfano unaotufaa sisi uko ng'ambo kidogo ya mpaka, Uganda ya magharibi. Kati ya Fort Portal na Bunyaruguru kuna maziwa madogo zaidi ya 80 yaliyozaliwa na volkano, mengi yamezungukwa na ndizi, mahindi, chai na ng'ombe. Ziwa la Katwe lina chumvi kali kiasi kwamba watu wanaichimba na kuiuza toka karne nyingi. Ukitembea si mbali unakuta maziwa mengine ambayo watu wanachota ya kupikia. Karibu na Fort Portal kuna Ziwa Nkuruba, ambalo ukingo wake bado una msitu, na kuna Ziwa Saka, ambalo limekatiwa miti, limezungukwa na mashamba, likapandwa samaki wageni, na maji yake yamejaa ule ukijani wa vijimea vidogo ambao baadhi yake vinaweza kutoa sumu. Miaka ya 1960 L. C. Beadle, aliyefundisha Makerere, alionyesha katika Ziwa Nkugute kwamba ukishuka kidogo tu hewa ya oksijeni inakwisha. Juu samaki wanaogelea, chini hakuna kinachopumua. Na siku upepo wa baridi unapokoroga maji ya chini yakapanda, samaki wanakufa kwa wingi bila mtu yeyote kuwatilia dawa. Ni watu wangapi kwetu wamesingizwa uchawi juu ya jambo kama hilo?

Lakini kilichonishangaza zaidi ni namna walivyosoma historia ndani ya matope. Matope ya ziwa yanajipanga kila mwaka juu ya mengine, kama madaftari kwenye kabati. Unapiga bomba chini, unalivuta, na ndani yake una chavua ya miti iliyokuwepo, makaa ya moto wa mashamba, na diatomu, vimea vidogo vyenye ganda la kioo. Diatomu hazidanganyi: aina fulani zinapenda maji maskini na safi, nyingine zinapenda maji yenye mbolea. Mwaka 2011 kundi la watafiti lilitoa historia ya miaka elfu moja ya maziwa mawili jirani, Kasenda na Wandakara. Ukame mkubwa uliyapiga yote mawili, maana mvua haichagui. Lakini kila moja liliujibu kwa tabia yake, na mkono wa mkulima uliingia ndani ya hadithi hiyo zamani, si juzi. Eneo lile lina maboma ya udongo na miji ya kale kama Ntusi, Munsa na Bigo, ya watu waliolima na kufuga miaka 500 mpaka 1,000 iliyopita. Kumbe maji "yaliyoharibika leo" mara nyingine yalianza kubadilika wakati wa babu wa babu. Mimi nilifikiri uharibifu wa maji umeletwa na treni na Wazungu. Wazungu walileta mwingine, tutafika huko.

Turudi Katanga. Kwetu pia watu wameishi kwa maji madogo toka zamani sana. Pembeni ya Ziwa Kisale, huko Sanga, wanaakiolojia walianza kuchimba makaburi mwaka 1957, na baadaye Pierre de Maret aliendelea miaka ya 1970. Walikuta watu wa kuanzia karne ya 8 wenye vyungu vizuri, shaba, na mifupa ya samaki waliowekewa wafu. Wale walikuwa wakulima na wavuvi kwa pamoja, na ziwa lilifurika na kupungua kila mwaka bila kuuliza mtu. Lakini kuchimba kiziba kwa mkono, kukijaza maji na kupanda samaki kama mtu anavyopanda mahindi, hilo lilikuja na ukoloni.

Lilikuja juu ya njaa ya mgodi. Union Minière ilizaliwa 1906, na wafanyakazi wake walitaka kula. Samaki wakavu walitoka Moero na Luapula, wengine Lualaba. Kadiri miji ilivyokua, samaki hawakutosha, na vijijini waliobaki hawakupata hata mkia. Kenya walikuwa wameanza majaribio ya kufuga tilapia katika viziba mwaka 1924. Congo walifuata kabla ya vita, na baada ya vita kituo cha Kipopo, si mbali na Elisabethville, kikawa kama shule ya etangi kwa nchi nzima. Juni 1949 Wabelgiji na Waingereza walikutana Elisabethville, mkutano mzima juu ya samaki wa maji ya ndani. Fikirieni: watu wamefunga tai, wanabishana siku nzima juu ya tilapia anataga mara ngapi.

Na walikuwa na haki ya kubishana. A. F. De Bont, mmoja wa watafiti wa wakati ule, alishughulika na tatizo ambalo kila mfugaji wa leo analijua: tilapia anazaa mapema mno. Unapanda samaki mia, baada ya miezi unakuta maelfu, wote wadogo kama kidole, wanagombania chakula kilekile. Kipopo walifanya kazi na aina mbili hasa, yule tuliyekuwa tunamwita Tilapia macrochir, anayekula vijimea na matope laini, na Tilapia melanopleura, anayekula majani. Wazo lilikuwa zuri: mmoja anasafisha ukingo, mwingine anakula ukijani, na mkulima anatupa mabaki ya jikoni. Mwaka 1952 De Bont na mwenzake waliandika hata katika jarida Nature juu ya samaki wenye kula konokono, kwa sababu konokono wa etangi njo wanaobeba bilharzia. Jambo hili napenda tulikumbuke. Wale wataalamu walijua mapema kwamba etangi inaweza kukupa protini kwa mkono wa kulia na ugonjwa kwa mkono wa kushoto.

Kisha utawala ukaingia na nguvu yake ya kawaida. Maofisa walipenda hesabu, na etangi zinahesabika vizuri. Mwisho wa miaka ya 1950 Congo nzima ilikuwa na etangi takribani 122,000, kwa eneo la hektari 4,000 hivi. Gawanyeni wenyewe: ni are tatu na kidogo kwa etangi moja, uwanja wa nyumba tu. Mtu aliyezoea kazi za lazima za pamba au za barabara hakushangaa sana kuambiwa chimba na hapa. Alichimba. Lakini alichimba ya nani? Wazee niliowauliza hawasemi "etangi yetu", wanasema "etangi ya leta". Kwa masikio yangu hilo neno "leta", yaani Serikali, linaeleza zaidi kuliko ripoti yoyote.

Kisha ikaja 1960. Uhuru Juni 30, kujitenga kwa Katanga Julai 11, vita mpaka Januari 1963. Waliokuwa wanapita kukagua hawakupita tena, mbegu za samaki hazikufika, na etangi nyingi zikarudi kuwa majani. Kuna waliosema watu weusi hawapendi kazi. Mimi naona tofauti. Samaki walikuwa wadogo, maji mengi yalikuwa maskini, na mwenye kuchimba hakupewa sababu, alipewa amri. Miaka ya 1970 na 1980 Wamarekani wa Peace Corps walijaribu upya Kasai na Bandundu, sasa na tilapia wa Nile na kwa familia iliyojitolea. Mmoja wao, Mike Tidwell, aliandika kitabu kizima juu ya etangi za Kalambayi. Zile zilizochimbwa na mtu kwa ajili ya mtoto wake zilidumu zaidi. Hilo halihitaji diploma.

Sasa nijibu lile swali la shefu, maana niliahidi.

Udongo wetu wa miombo ni wenye asidi, umeoshwa na mvua toka zamani, chokaa ndani yake ni kidogo. Maji yanayotoka dembo yana tabia hiyohiyo. Maji yenye asidi na bila chokaa hayashiki mbolea: unatupa samadi, vijimea havioti vizuri, samaki hawanenepi. Kwa hiyo kuanzia hapo etangi zote mbili ni sawa, kama shefu alivyosema. Tofauti inaanza kwenye mlango wa maji. Etangi ya juu mfereji unaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine mchana na usiku. Kila kitu kinachoingia kinapita. Maji yake ni safi kwa macho, ya baridi, na maskini. Etangi ya chini mlango wake uliziba zamani. Maji yanaingia kwa kuvuja tu, na yanapitia bustani ya bamama, wanakotia samadi ya mbuzi na majivu. Majivu yanapunguza asidi, samadi inalisha, maji yanakaa. Matokeo ni ule ukijani. Ongezeni kwamba mbuzi wanakunywa pale, na miti ya ukingo ilikatwa kwa makaa, basi jua linapiga moja kwa moja.

Kwa mfugaji, ya chini njo nzuri. Kuna kipimo cha mkono ambacho hakihitaji franga: ingiza mkono ndani ya maji. Vidole vikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi, acha samadi. Ukiona mkono wote mpaka bega, maji ni maskini, ongeza. Na asubuhi mapema nenda utazame samaki. Mchana vijimea vinatengeneza oksijeni, usiku vinaivuta pamoja na samaki, na saa kumi na moja alfajiri, ukijani ukiwa umezidi, samaki wanakuja juu kufungua midomo. Watu wanafikiri wana njaa, wanawatupia chakula. Wanawaongezea kifo.

Kwa kunywa, jibu ni gumu zaidi, na hapa sikukubaliana na kikao. Wengi walisema: tuchote ya juu, inaangaza. Maji yanayoangaza hayana matope, basi. Hayasemi kitu juu ya choo kilichochimbwa juu ya mteremko, wala juu ya konokono kwenye majani ya ukingo. Nilichopendekeza ni kwamba hakuna etangi ya kunywa, hata moja. Chemchemi yenyewe iko mita chache juu ya etangi ya kwanza. Ijengwe pale, izungushiwe ukuta mdogo wa mawe na bomba, mbuzi wasifike, vyoo visikae juu yake, na etangi zote mbili zianzie chini ya bomba hilo. Bamama walielewa haraka. Vijana walinuna kidogo, juu kazi ya mawe haina samaki ndani.

Kuna mtu ataniuliza: na migodi je? Hapo nataka tuwe waangalifu, maana kwetu kila ugonjwa sasa unaitwa mgodi.

Chukueni Tshangalele. Baraji ya Mwadingusha kwenye Lufira ilianza kutoa umeme mwaka 1930, na bonde lote likawa ziwa pana lenye kina kifupi. Juu yake iko Likasi, na Shituru ilikuwa imeanza kusafisha shaba mwaka 1929. Basi toka siku ya kwanza ziwa lile lilikuwa kama sahani chini ya meza ya kiwanda. Bauduin Katemo Manda na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba shaba, kobalti na madini mengine ya Lufira ya juu yamepanda ngazi nzima ya chakula, kutoka kwenye matope mpaka kwa samaki. Mwaka 2009 Célestin Banza na wenzake walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Pale huwezi kusuluhisha kwa majivu wala kwa kipimo cha kiwiko. Maji yanaweza kuonekana mazuri kama machozi, na samaki akawa amebeba mzigo.

Mitwaba ni hadithi nyingine. Kwetu kilichochimbwa toka ukoloni ni bati, yaani kasiterite, na leo wachimbaji wadogo wanaiosha kwenye mito ileile. Kasiterite ni jiwe gumu, haiyeyuki ndani ya maji kama chumvi. Hatari yake ya kwanza ni matope: mto unakuwa mwekundu, mayai ya samaki yanafukiwa, mwanga hauingii, etangi inajaa udongo kwa msimu mmoja. Hiyo si kusema hakuna sumu kamwe, kwa sababu mawe ya bati mara nyingine yanaandamana na arseniki, na mahali pa dhahabu watu wanatumia zebaki. Ila ukimwambia mtu wa Mitwaba maji yake yana tatizo la Likasi, umemtibu ugonjwa wa jirani. Kila maji yapimwe kwa historia yake.

Na historia yetu ina kipande kingine ambacho hakiko Uganda wala North Dakota. Kati ya miaka 2003 na 2006 eneo la Mitwaba, Manono na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbilia kituo cha Mitwaba, na Mei 2006 Gédéon alijisalimisha palepale Mitwaba. Etangi inataka mtu wa kuziba ukuta kila mwisho wa mvua. Ukikosekana misimu mitatu, mizizi inatoboa, kaa wanachimba, ukuta unaanguka. Etangi nyingi ninazozikuta katika dembo ziliuawa mara mbili, mara ya kwanza na 1960, mara ya pili na miaka ile. Ile ya kijani ya shefu ilibaki kwa sababu mlango wake ulikuwa umeziba na maji hayakuwa na nguvu ya kubomoa ukuta. Ilipona kwa kusahauliwa.

Nina ombi moja kwenu ninyi wa Mitwaba, Kasenga, Pweto, Kambove na kwingine. Waulizeni bababu kama kuna etangi ya leta iliyochimbwa kabla ya uhuru: jina la mto, juu yake kulikuwa na nini wakati ule, msitu au bilanga, na nani alikuwa anakunywa. Andikeni hapa chini. Mimi nimekwisha kuanza na saba za upande wetu. Tatu bado zina maji, mbili ni mashamba ya mchele, moja ni uwanja wa mpira. Ya saba wameniambia iko, lakini njia imefungwa na majani, nangoja kiangazi.